Matuta ya Mama Mkwe

Hakuna mtu aliyemwambia Taratibu aanze na matuta ya mama mkwe wake. Mumewe hakusema hivyo, mama mkwe mwenyewe hakusema hivyo, na bwana shamba aliyewagawia ile mbolea ya kupulizia majani hakuwa hata na habari kwamba kuna mama mkwe. Lakini alfajiri ile, pampu ikiwa mgongoni na maji yakimchuruzika kiunoni kwa sababu mfuniko ulikuwa na ufa, alifika pale mashamba mawili yanapopakana, akasimama kidogo, akakata kulia. Kulia ni kwa mkwe. Angeanzaje na lake, mama aamke amkute anahangaikia vya kwake kwanza? Watu wangesema nini?

Watu wasingesema kitu, maana watu wenyewe walikuwa wamelala. Ila ndivyo alivyokuwa. Jina la Taratibu alibandikwa na majirani, kwa kuwa hata kisimani, ndoo yake ikiwa ya mbele kabisa, huwapisha wenzake mpaka anabaki yeye na vyura. Lilianza kama utani likaganda, na sasa hata mumewe humwita hivyo, tena bila kucheka.

Mvua ilikuwa imekatika viazi vikiwa katika maua, wakati ule ule vinapoanza kutunga chini ya udongo. Bwana shamba aliwakusanya akawaeleza habari ya busta, kama watu walivyoiita ile mbolea ya maji. Alisema wasije wakadhani inaleta mvua. Udongo ukikauka mizizi haiwezi kula, basi mmea unaulisha kupitia majani, unapata nguvu ya kuvumilia mpaka mawingu yarudi. Akasisitiza jambo moja mpaka watu wakachoka kulisikia: pulizia alfajiri, au jioni jua likishazama. Jua kali likiikuta dawa juu ya jani lenye kiu, jani linaungua.

Taratibu alisikia vizuri sana. Alikaa mbele, na alikuwa anaitikia kwa kichwa.

Pampu ilikuwa moja kwa wakulima wote wa upande ule, ikienda kwa zamu, kila nyumba siku yake. Alasiri ikifika unampelekea anayefuata. Matuta ya mkwe yalimlia asubuhi yote. Alipulizia jani kwa jani, juu na chini ya jani, kama mtu anayemwogesha mtoto mchanga, na alipovuka kuingia kwake jua lilikuwa utosini. Angeweza kumwomba anayefuata amwachie pampu mpaka jioni. Anayefuata alikuwa jirani wa bondeni, mwanamume waliyemwita Redio, na Redio asingekataa. Angetangaza, lakini asingekataa. Taratibu akaona haya kuomba. Akapulizia shamba lake kwenye jua lile, haraka haraka, leso ya kichwa imelowa jasho, akamaliza, akaiosha pampu vizuri, akampelekea mwenyewe hadi mlangoni.

Siku hiyo mumewe hakuwepo. Alikuwa barabarani, amekwenda kuonana na wakala wa machimbo, na hapo ndipo penye jambo lenyewe. Lori la machimbo lilikuwa linapita kuchukua watu wa kazi, na mume alikuwa amesema wazi, mbele ya mkewe na mbele ya mama yake: viazi vikishika, habanduki, vikifa, anapanda lori. Mdogo wake alipanda lori hilo hilo miaka ya nyuma, akasema atatuma. Akatuma mara mbili. Halafu zikaja habari kwamba ana mke huko na watoto, halafu habari nazo zikaacha kuja.

*

Majani yalianza kuungua pembeni. Kwanza mstari mwembamba wa kahawia, kama ukingo wa karatasi iliyokaribia moto, kisha kahawia ikaingia ndani, kisha jani zima likajikunja. Taratibu aliona tangu siku ya kwanza na hakusema. Aliona, akaenda kuchota maji, akarudi akaona tena. Upande wa kulia, ng'ambo ya mfereji mkavu, matuta ya mkwe yalisimama kijani kibichi, majani yametanuka, mpaka mtu angesema yana mvua yao ya siri.

Bwana shamba alipokuja kukagua alikuja na kundi zima la wakulima nyuma yake, na Redio mbele ya kundi, maana Redio hawezi kutembea nyuma ya watu.

"Hili ni la nani?" bwana shamba akauliza, amesimama kwenye matuta ya kulia.

"La mama yangu," akajibu mume wa Taratibu.

"Safi kabisa. Tazameni jani lilivyokaa. Huu ukame wote, hebu shikeni, lina uhai. Hiki ndicho nilichokuwa nawaambia." Akavuka mfereji. "Na hili?"

Mume akakohoa. "Langu."

Bwana shamba akachuma jani moja. Likavunjikavunjika vidoleni mwake. Akalipuliza mkononi, akatazama huku, akatazama kule.

"Hapa na pale wamepulizia watu wawili?"

"Mtu mmoja," Redio akadakia. "Ni huyu Taratibu wetu. Nilimwona mimi kwa macho yangu, jua linawaka hata mijusi imekimbia, yeye yumo anapulizia. Nikasema moyoni, huyu mama ana dawa yake nyingine."

"Ungesema kwa mdomo," mtu mmoja akamwambia, "siku hiyo ungesaidia."

Watu wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya. Shida ilikuwa imewakalia wote, na kicheko kilikuwa kimekuwa adimu. Bwana shamba peke yake hakucheka.

"Mama, si nilisema?"

"Ulisema," Taratibu akajibu.

"Sasa?"

"Sasa ndiyo hivyo."

Aibu ilimpata, lakini ilimpata kwa mbali, kama kelele za ugomvi wa nyumba ya tatu. Alitazama viatu vya bwana shamba, akaona kamba ya kimoja imekatika na kuungwa kwa waya. Alisikia mumewe akiuliza kama shamba linaweza kuchipua tena, na bwana shamba akijibu kwamba kungekuwa na unyevu, pengine. Kwa ukavu huu, hapana. Wakichimba watapata vya ukubwa wa gololi. Kundi likaenda zake kukagua kwingine, na Redio akageuka mara mbili kutazama nyuma.

*

Jioni walikula. Mtoto wao wa kike alilala mapema, na Taratibu akaanza kukusanya vyombo. Mumewe alikuwa amekaa kwenye ngazi ya mlango, mgongo kwake.

"Kwa nini ulianza na la mama?"

"Ni mama."

"Alikuomba?"

"Hapana."

"Mimi nilikwambia?"

"Hapana."

"Basi nani?"

Taratibu alilitafuta jibu la kweli, maana hakuwa mtu wa kudanganya. "Nilifika pale kwenye mfereji, miguu ikaenda."

"Miguu ikaenda," mumewe akarudia. Akacheka kidogo puani. "Haya. Na yangu inakwenda."

Akasema lori linapita keshokutwa asubuhi. Akasema amefikiri sana, na pengine mambo yamekuwa heri hivi yalivyokuwa. Yangeungua mashamba yote mawili, angeondokaje? Angewaacha na nini, wanawake wawili na mtoto, watafune udongo? Asingeweza. Lakini mama ana viazi. Vile vikikomaa vitawatosha watatu mpaka mvua irudi, na mbegu itabaki. Kwa hiyo anaondoka moyo wake mweupe. Alilisema hilo mara mbili, moyo mweupe, kama mtu anayeukagua.

Kisha aligeuka akamtazama mkewe, akakaa akimtazama.

"Huna neno?"

Taratibu alikuwa nalo. Hakutaka aende. Alimpenda mtu huyu, hata kama ilikuwa siku nyingi hawajaambiana, na alijua vizuri wanaume wa lori wanavyoyeyuka huko waendako. Neno lilikuwa pale pale kooni, fupi, halihitaji hata pumzi nyingi. Lakini alikuwa amezoea mno kupisha. Mtu akisema anapita, yeye husogea.

"Lile shati la buluu," akasema, "nilifue?"



"Lifue," mumewe akasema, akageukia nje.

*

Mama mkwe aliishi kwenye chumba kimoja nyuma ya nyumba yao, chenye kitanda, sanduku la bati na dirisha linalotazama shambani. Mguu wake mmoja ulikuwa umevimba tangu msimu uliopita, hivyo alitembea kwa fimbo. Hata hivyo siku zile alikuwa anatoka kila asubuhi kwenda kuyatazama matuta yake, akijisifu kwa kila apitaye kwamba mkono wa mkwe wake ni wa baraka. Taratibu alipoingia na ndoo ya maji, bibi alikuwa ameketi kitandani, mguu juu ya sanduku.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nasikia anaondoka."

"Ndiyo, mama. Kesho."

"Na wewe ukasema nini?"

"Nimemfulia shati."

Mama mkwe akamtazama sana. "Umemfulia shati," akasema.

Taratibu akamimina maji kwenye mtungi, polepole, yasimwagike. Akaeleza yaliyosemwa, maana aliona si vizuri mama asijue: kwamba mwanawe anaondoka bila wasiwasi, kwa sababu mama ana viazi na hawatalala njaa. Bibi akaushusha mguu kutoka kwenye sanduku.

"Amesema hivyo? Kwa sababu mimi nina viazi?"

"Ndiyo, mama."

"Ningekuwa sina, asingekwenda?"

"Alisema asingeweza."

Bibi akatazama dirishani. Kijani chote kile kilikuwa pale, kimejaa kwenye fremu.

"Nani alikutuma uanze na langu?"

"Hakuna, mama. Niliona ni heshima."

"Heshima gani ya kunitolea mtoto nyumbani? Mimi nina meno manne, mwanangu. Kiazi kimoja kinanishibisha kutwa. Ungeliacha langu liungue mpaka udongo."

"Nisamehe, mama."

"Usiniombe msamaha, sitaki." Sauti yake haikupanda, ilikuwa imechoka tu. "Tangu uje hapa hujanikatalia kitu hata kimoja. Nikikwambia keti, unaketi. Nikikwambia chai haina sukari, unaweka, hata kama sukari imo. Na mimi nikawa nazunguka kwa watu, nina mkwe, nina mkwe. Ungenikatalia japo mara moja, tukajua humu ndani tunaishi na mtu."

Taratibu alisimama na ndoo tupu. Alijua kwamba hapo inafaa kulia, na akasubiri, lakini hakikuja kitu.

"Yule mwingine," mama mkwe akasema, "nilimfungashia chakula mwenyewe. Nikampungia mkono mpaka lori likapotea kwenye kona. Nilivaa na nguo nzuri." Akarudisha mguu juu ya sanduku. "Haya, nenda. Ndoo nyingine moja inatosha."

*

Asubuhi ya lori Taratibu aliamka kukiwa bado kijivu, akawasha moto wa chai, akatoka kuchukua kuni. Alisikia kabla ya kuona: sauti fupi, yenye majimaji, ikikatika na kuanza tena. Mama mkwe alikuwa katikati ya matuta yake, fimbo mkono wa kushoto, panga mkono wa kulia, anafyeka.

Kila mkulima wa viazi hufyeka majani. Lakini huyafyeka yakishageuka manjano, viazi vimekomaa, ili ngozi zikaze ardhini kabla ya kuchimba. Kuyafyeka mabichi namna ile ni kuvikata viazi pumzi. Havitakua tena hata kwa unene wa kucha. Bibi alijua hilo kabla mume wa Taratibu hajazaliwa.

"Mama. Unafanya nini?"

"Unaona."

"Vitabaki vidogo."

"Vitabaki."

"Na mbegu?"

"Mbegu nayo basi." Akapumzika kwenye fimbo, anahema. Alikuwa amemaliza tuta moja na nusu. "Mwanangu amesema mama ana viazi. Akiamka atakuta mama hana."

"Tutakula nini, mama?"

"Hilo swali si langu mimi. Hilo nataka yeye ndiye aulizwe."

Taratibu akatazama nyumba. Mlango ulikuwa bado umefungwa. Angeita jina la mumewe mara moja, na mambo yangeishia kwenye tuta moja na nusu.

"Sikuambii unisaidie," mama mkwe akasema. "Wala sikuombi. Ukisema niache, naacha."

Akamtazama mkwe wake na kungoja. Taratibu hakukumbuka lini mara ya mwisho mtu alimngoja yeye. Aliweka kuni chini. Akaingia jikoni, akalitoa panga lililokuwa limechomekwa kwenye paa, akaja akaanzia upande wa pili.

Hii haikuwa heshima. Heshima ingemfanya ampokee mama panga na kumwambia apumzike. Alitaka mumewe abaki, basi, na alilitaka hilo kwa nguvu ambayo hakujua kwamba anayo. Mashina mabichi yale, aliyoyalisha kwa mkono wake alfajiri nzima, yalikatika kirahisi, na kila yalipokatika alisikia raha, na raha hiyo ikamtisha, na hakuacha. Waliendelea kufyeka, mmoja kutoka huku na mmoja kutoka kule, na jua lilipotoa ukingo wake walikuwa wanakutana katikati.

*

Mumewe alitoka na shati la buluu, begi begani. Alikuwa amenyoa ndevu. Akapiga hatua tatu nne kuja kumuaga mama yake, halafu akasimama.

Hakukuwa tena na upande wa kulia na wa kushoto. Upande mmoja majani yaliungua, upande mwingine yalilala chini, yameanza kusinyaa.

"Mama," akasema.

Mama yake alikuwa amekaa kwenye tuta, mguu mbovu umenyooshwa mbele.

"Mmefanya nini?"

"Tumefyeka."

"Havijakomaa."

"Tunajua."

Akamgeukia mkewe. "Na wewe?"

"Na mimi."

"Nani kakwambia?"

"Hakuna."

Kule barabarani lori lilipiga honi, mbali kidogo, likiwachukua wengine kwanza. Mumewe aliangalia barabara. Akaangalia matuta.

"Sasa mtakula nini?" akauliza, na sauti ilimtoka kama ya mtoto.

"Mimi sijui," mama yake akasema. "Mkeo hajui. Mtoto kalala, naye hajui. Kama moyo wako bado mweupe, lori lile pale. Sitakupungia mkono, nakwambia mapema."

Honi ikapigwa tena, karibu zaidi. Sauti za wanaume waliokwisha kupanda zilisikika zikiitana, zikicheka. Mume wa Taratibu alisimama na begi lake begani kwa muda ambao ungetosha mtu kufika barabarani, hata kwa kutembea. Lori likasimama, likaunguruma, likangoja. Kisha gia ikaingia, likaondoka, na kelele zake zikapungua mpaka zikawa kama za kinu cha mbali.

Hakusema kwamba amebaki. Aliweka begi chini, akavua shati la buluu, akalikunja vizuri, akaliweka juu ya begi lisichafuke. Akaenda akachukua jembe. Alichimba shina moja, taratibu, akapekua udongo kwa vidole. Vilitoka viazi vya ukubwa wa yai la njiwa, ngozi laini hata ukivigusa inabanduka. Akavipima kiganjani.

"Vilivyobaki viacheni humu humu vikaze," akasema, si kwa mtu yeyote. "Tukijibana, vitatufikisha mwezi."

Akaanza kupandishia udongo kwenye matuta, kuziba nyufa, jua lisivifikie viazi. Walikuwa wamempata, mama na mkwe, na hakuna aliyefurahi. Mama mkwe alimtazama mwanawe akilima, mikono imelala mapajani, akionekana ghafla mzee sana. Taratibu alikusanya majani yaliyofyekwa akayarundika kando, kwa kuwa ilikuwa kazi na kazi ina namna ya kufanywa.

Redio hakuchelewa. Alikuwa amekwenda barabarani kuhesabu waliopanda, akakuta mmoja amepungua, akaja kuchukua habari zake. Alifika kwenye mfereji, akashika kichwa.

"Lahaula, mama, matuta yako. Yale ya bwana shamba. Nani kakufanyia hivi?"

Bibi akainua uso. Taratibu aliona midomo ya mkwe wake ikijiandaa, na yeye mwenyewe akavuta pumzi aseme, maana hili lilikuwa lake na alikuwa tayari kulibeba.

"Mimi," mumewe akasema.

"Wewe?"

"Nimefyeka mimi."

"Mabichi hivi?"

"Mabichi."

"Lakini bwana, wewe si ulikuwa unaondoka? Ndiyo unamfyekea mama yako viazi na kuondoka?"

"Siondoki. Nimefyeka na siondoki." Hakuacha kulima. "Nenda kawaambie."

Redio akamtazama mtu huyo, akamtazama mama, akamtazama Taratibu aliyekuwa na panga mkononi na utomvu wa kijani hadi kwenye kiwiko. Redio hakuwa mjinga. Lakini habari aliyopewa ilikuwa tamu kuliko ile aliyoiona, akaondoka nayo. Kabla jua halijafika utosini, upande ule mzima ulijua kwamba mwanamume mzima alishikwa na wazimu siku ya lori akafyeka viazi vya mama yake mgonjwa, na kufikia alasiri alikuwa na jina jipya. Bwana Panga. Watoto walilisema wakipita njiani, bila kumtazama.

*

Taratibu alivichemsha vile viazi vya shina moja, kwa chumvi tu. Mtoto alikula, akaenda kucheza. Mama mkwe alisema hana njaa, akarudi chumbani kwake, na walimsikia akifunga dirisha. Wakabaki wawili jikoni, sahani katikati.

"Kwa nini ulimwambia ni wewe?" Taratibu akauliza.

"Ningesema nini? Kwamba mama yangu na mke wangu wameninasa kama panya?"

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa ukutani. Taratibu alisogeza chumvi karibu naye. Alitaka kumwambia ahsante, akaona ni neno dogo mno; alitaka kumwambia pole, akaona nalo ni lile lile. Ndani yake kulikuwa kimya, kimya cha chumba kilichohamwa, na katikati ya kimya hicho akashangaa kujisikia akizungumza.

"Nilikuwa nataka ubaki."

"Nimeona."

"Hapana. Tangu juzi. Tangu ile jioni ulipokuwa mlangoni. Nilitaka kukwambia usiende."

Mumewe aliacha kutafuna. Alimtazama kama alivyomtazama jioni ile, muda mrefu vile vile.

"Nilikuuliza kama una neno."

"Uliniuliza."

"Ukaniuliza habari za shati."

"Ndiyo."

Akachukua kiazi kingine. Hakuhitaji kisu; alikipitisha kidole gumba mara moja na ngozi yote ikatoka. Taratibu alitazama kidole kile, kisha akauliza, kwa sababu alikuwa ameshaanza na hakujua namna ya kuacha.

"Ningekwambia, ungebaki?"

Nje Redio alikuwa anapita na mtu, sauti yake juu, ikaja ikapita.

"Ningebaki," mumewe akasema.